Jani likikatwa halifi papo hapo: kemia ya malisho na ugomvi wa kiangazi Kitomanga

Mvua zikishakatika na mbaazi zikaanza kukauka maganda, mifugo huanza kusogea katika ukanda wa barabara ya Kilwa kwenda Lindi. Ng'ombe hutoka maporini wakifuata maji na chochote cha kijani kilichobaki, na kwa wakati huo kijani kingi kiko mashambani. Mkulima wa Kitomanga, kusini mwa mto Mbwemkuru, bado hajamaliza kuvuna. Mfugaji naye hawezi kumwambia ng'ombe asubiri hadi Desemba.

Chanzo cha msuguano huu kinajulikana. Kwa miaka mingi kusini-mashariki mwa Tanzania kulikuwa na ng'ombe wachache, sababu mojawapo ikiwa mbung'o na ugonjwa wa nagana. Kisha mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Mbarali, kwa lengo la kuokoa maji ya Ruaha Mkuu, na wengi wao wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Tangu hapo mikutano ya usuluhishi imekuwa jambo la kila kiangazi.

Mikutano hiyo huzungumzia mipaka, idadi ya mifugo, fidia na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Sheria zipo: ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na ile ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya mwaka 2010. Juni 2025 ilizinduliwa mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ng'ombe wakivalishwa hereni. Kwa hiyo tunaelekea kujua vizuri zaidi ng'ombe ni wangapi. Watakula nini kati ya Julai na Novemba ni swali jingine.

Jibu linalotajwa mara nyingi ni masalia ya mazao, hasa ya jamii ya mikunde: majani ya mbaazi, kunde, choroko, na mashina ya karanga. Mikunde ina protini nyingi kuliko nyasi kavu za kiangazi, na Lindi inailima kwa wingi. Mkulima aache masalia, mfugaji alipe, ugomvi uishe. Kwa maneno ni rahisi. Lakini jani la mkunde si bidhaa inayotulia kama gunia la saruji. Likikatwa, likikanyagwa au likitafunwa, linaanza kubadilika ndani ya dakika chache, na mabadiliko hayo ndiyo yanayoamua kama mfugaji amenunua chakula au makapi.

Mama anayetwanga kisamvu analijua hili

Watu wa Lindi hawahitaji maabara kuanza kuelewa. Kisamvu hakipikwi hivi hivi. Kinatwangwa kwanza, kisha kinachemshwa sana. Ndani ya jani la muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini, na pembeni yake, katika sehemu nyingine ya jani, kuna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Mchi ukishuka, kuta zinapasuka, vinachanganyika, na sianidi inatoka. Kutwanga na kuchemsha huipa nafasi ya kutoroka kabla ya chakula kufika sahani. Hatua hizo zikirukwa, madhara ni makubwa: ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu, uliripotiwa mkoani Mtwara katika miaka ya ukame ya mwanzoni mwa 2000, na ulihusishwa na mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha.

Muhogo si mkunde, lakini mtego huo huo umo katika baadhi ya mikunde. Klova nyeupe, mmea wa malisho wa nchi za baridi, ina linamarini ile ile, na maharage ya Lima pia. Jino la mnyama hapo linafanya kazi ya mchi.

Huo ni ulinzi wa papo hapo, unaosubiri kupasuliwa tu. Upo na ule unaotengenezwa baada ya jeraha. Seli zilizokatwa hutoa harufu ya majani mabichi, ile tunayoinusa nyasi zinapofyekwa, na wakati huohuo jani huanza kuunda homoni ya dharura iitwayo asidi ya jasmoniki. Jina limetokana na asumini, kwa kuwa ndugu wa karibu wa kemikali hiyo yumo katika harufu ya ua hilo. Homoni hii huamsha utengenezaji wa vitu vinavyomsumbua mlaji. Mwaka 1972, Clarence Ryan na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walionyesha kuwa viazi na nyanya zilizojeruhiwa hujaza protini zinazozuia mmeng'enyo tumboni mwa mdudu, hata katika majani ambayo hayakuguswa. Baadaye ilibainika kuwa mimea mingi, mikunde ikiwemo, ina mfumo wa namna hiyo.

Kunde imefanya watafiti washangae zaidi. Mwaka 2006, kundi lililoongozwa na Eric Schmelz huko Marekani lilieleza jinsi kunde inavyotofautisha panga na kiwavi. Kiwavijeshi anapokula jani, tumbo lake huvunja protini za jani hilo, na kipande kimoja kidogo hurudi kwenye jeraha pamoja na mate yake. Kipande hicho, chenye urefu wa asidi amino 11, walikiita inseptini. Kunde ikikigundua inajua kuwa anayeila ni mdudu, na ndani ya saa chache inaongeza homoni za ulinzi na kutoa harufu zinazovuta nyigu wanaoshambulia viwavi. Panga peke yake haliamshi kishindo cha namna hiyo. Mwaka 2020 watafiti walitambua pia kipokezi kinachokamata ishara hiyo.

Kiwavi aliyetumika katika kazi ile ni yule yule kiwavijeshi vamizi aliyethibitishwa Tanzania mwaka 2017 na kuwatesa wakulima wa mahindi. Kwa hiyo majani ya kunde yaliyoliwa na viwavi wiki nzima na majani yaliyofyekwa asubuhi moja hayafanani kikemia, hata kama kwa macho yote ni majani yenye matundu. Tusitie chumvi: ng'ombe hafi kwa kula kunde zilizotafunwa na wadudu. Tumbo kuu la mnyama anayecheua lina vijidudu vinavyovunja mengi ya hayo. Lakini anayedhani majani ni majani tu, amekosea tangu mwanzo.

Lukina: dawa na tahadhari

Lukina ni mti wa jamii ya mikunde ambao mabwana mifugo wameupigia debe miaka mingi katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki. Unakua haraka, unavumilia kiangazi na majani yake yana protini nyingi. Mwaka 1992 ulipata pigo, chawa-mimea aliyetokea Amerika alipofika pwani ya Kenya na Tanzania na kukausha machipukizi yake. Hata hivyo haukutoweka.

Ndani ya lukina kuna mimosini, hasa katika machipukizi machanga. Mnyama asiyecheua, kama farasi au nguruwe, akiila kwa wingi hunyonyoka nywele. Kwa wanaocheua kuna hatua ya pili. Mwaka 1983 watafiti waliofanya kazi Indonesia walionyesha kuwa jani la lukina lenyewe lina kimeng'enya kinachovunja mimosini pindi jani linapopondwa au kutafunwa. Kinachobaki ni kemikali nyingine, ifahamikayo kwa kifupi kama DHP. Hiyo hainyonyoi nywele, lakini inaisumbua tezi ya shingo, na mnyama hupungua uzito, hukosa hamu ya kula na wakati mwingine hupata rovu.

Hapo jeraha limebadilisha sumu moja kuwa nyingine. Aliyekatakata lukina vipande vidogo akidhani ameisafisha, amefanya nusu ya kazi.

Nusu ya pili ilipatikana kwa njia ya kuvutia. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, aliona kwamba ng'ombe wa kwao walidhurika na lukina ilhali mbuzi wa Hawaii waliila bila tabu. Alishuku kuwa tofauti iko tumboni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vijidudu kutoka kwa mbuzi wa Hawaii vilihamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, na ng'ombe wakaacha kudhurika. Bakteria aliyehusika akapewa jina la Synergistes jonesii mwaka 1992. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa jamaa zake wapo sehemu nyingi za dunia, kwa hiyo mbuzi wa Lindi huenda wanao tayari. Ushauri wa kawaida ni ule ule: lukina isizidi takriban asilimia 30 ya chakula, na mnyama aanze kidogo kidogo ili tumbo lizoee.

Ushauri huo una maana ya pekee kwa mfugaji aliyetembea na kundi lenye njaa siku tatu. Ng'ombe wake hawataanza kidogo kidogo. Watakula kile kilicho mbele yao mpaka kiishe.

Uzio, njaa na migunga

Mfano wa hatari hiyo unatoka Afrika Kusini. Katika miaka ya 1980 tandala walianza kufa kwa wingi katika mashamba ya wanyamapori ya Transvaal wakati wa kiangazi. Hawakuwa na ugonjwa wala hawakupigwa risasi. Wouter van Hoven wa Chuo Kikuu cha Pretoria alichunguza matumbo yao na kukuta majani ya migunga ambayo hayajameng'enywa. Mgunga nao ni wa jamii ya mikunde. Alieleza kuwa ukijeruhiwa na walaji huongeza tanini, kitu kinachofanya chai kali ikaze ulimi. Zikizidi, tanini hushika protini na kusimamisha kazi ya tumbo. Tandala walio huru huonja mti huu, wakahamia ule. Waliofungiwa kwa uzio walirudia miti ile ile iliyojeruhiwa, siku baada ya siku.

Van Hoven alidai pia kuwa miti iliyoliwa huitahadharisha jirani yake kwa gesi inayopeperushwa na upepo. Sehemu hiyo ilileta ubishi, na wanasayansi wengine hawajaridhika kwamba ndiyo iliyowaua tandala. Lakini ile ya kwanza, kwamba mnyama asiyeweza kuhama hulazimika kula mimea iliyokwisha kujihami, inaeleweka bila ubishi mwingi.

Tukirudi kwetu, wafugaji wa asili wamekuwa wakihamisha mifugo muda wote wa historia yao, na sera zimewataka watulie. Sababu za kutaka watulie zipo, na mkulima aliyeamka asubuhi akakuta shamba limelimwa kwa kwato anazijua kuliko mwandishi. Ila kumtuliza mfugaji kunamhamishia kazi mpya: kile ambacho mnyama alikifanya kwa miguu yake, yaani kuliacha jani lililojihami na kutafuta jingine, sasa lazima kifanywe na mtu kwa panga, turubai na ghala.

Saa chache baada ya panga

Hapa ndipo hasara kubwa ilipo, kuliko kwenye sumu. Jani lililokatwa linaendelea kupumua. Linachoma sukari yake mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 40, na muda wote huo vimeng'enya vyake vinavunja protini. Likikauka haraka, hasara ni ndogo. Likilundikwa bichi na kupata joto, hasara ni kubwa, na mfugaji ataona rangi ya kahawia na kusikia harufu ya tumbaku kabla hajajua amepoteza nini.

Mikunde haifanani katika hili pia. Lusini ikifungiwa kama saileji hupoteza sehemu kubwa ya protini zake halisi, zikivunjika kuwa vipande ambavyo ng'ombe hawezi kuvitumia vizuri. Klova nyekundu hupoteza kidogo zaidi. Sababu ni kimeng'enya kinachoifanya igeuke kahawia ikijeruhiwa, kama tufaha lililokatwa au bilinganya. Vitu vinavyozaliwa katika kugeuka huko hushikana na protini na kuvizuia vimeng'enya vingine visizile. Ndiyo kusema weusi wa jani si mara zote dalili ya uharibifu.

Kwa mkulima wa Kitomanga, tatizo ni kalenda. Karanga hung'olewa mvua zinapoishia, hewa ikiwa bado nzito, kwa hiyo mashina yake, ambayo ni malisho mazuri mno, hukauka polepole na kushika ukungu. Mbaazi huvunwa baadaye, jua likiwa kali, na hapo tatizo hugeuka: majani hukauka haraka lakini hupukutika. Sehemu kubwa ya protini iko kwenye jani, si kwenye shina. Mzigo wa mbaazi uliopigwa, ukaburutwa na kupakiwa mchana wa jua kali hufika zizini ukiwa fimbo. Anayeukusanya asubuhi na mapema, umande ukiwa umelainisha majani, anapata mzigo ule ule wenye thamani tofauti kabisa. Ghalani unyevu uwe chini ya asilimia 20. Ukizidi hapo, ukungu huingia.

Jeraha la jembe na sumukuvu

Ukungu hutufikisha kwenye karanga zenyewe. Punje ya karanga ikikwaruzwa na jembe au kutobolewa na mdudu, hutengeneza kemikali za kujikinga dhidi ya kuvu, za jamii ya resveratroli, ile inayosifiwa kwenye zabibu. Ulinzi huo unahitaji maji. Katika ukame wa mwisho wa msimu, punje ikiwa imeanza kukauka ingali ardhini, uwezo wa kuzitengeneza hupotea, ilhali kuvu wa Aspergilasi hupenda hali hiyo hiyo. Matokeo yake ni sumukuvu. Jeraha lile lile la jembe, katika mwaka wa mvua, lingezibwa na mmea wenyewe.

Tanzania iliona ukatili wa sumukuvu mwaka 2016, watu walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa. Kwa mifugo, njia ni ya kimyakimya: karanga mbovu na mashudu hupewa ng'ombe kwa kuwa binadamu amezikataa, na ng'ombe wa maziwa huipitisha sumu hiyo, ikiwa imebadilika kidogo, katika maziwa. Anayekunywa ni mtoto.

Marekani na Kanada zilipata somo la aina hiyo katika miaka ya 1920. Ng'ombe waliokula hei ya melilotasi, mkunde wenye harufu tamu, walianza kutokwa damu isiyoganda. Hei ilikuwa imelowa na kushika ukungu, na ukungu ukabadilisha kumarini, kitu chenye harufu nzuri, kuwa dikumaroli, inayozuia damu kuganda. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alimpelekea Karl Paul Link ndama aliyekufa na ndoo ya damu. Kazi iliyofuata ilizaa dikumaroli safi, na mwaka 1948 dawa ya panya iitwayo warfarini. Leo warfarini hutolewa hospitalini kwa wagonjwa wa damu kuganda, Tanzania ikiwemo. Yote yalianzia kwenye majani yaliyokauka vibaya.

Nani alipie turubai?

Tukirudi kwenye makubaliano ya masalia, namna yanavyofanyika sasa ina kasoro moja kubwa. Mfugaji hununua ruhusa ya kuingiza kundi shambani, na bei hupangwa kwa eneo au kwa idadi ya ng'ombe. Kundi likiingia, sehemu ya chakula huliwa na sehemu kubwa hukanyagwa, na kilichokanyagwa kinaanza kuoza kabla jua halijatua. Kwa mbaazi kuna hasara ya ziada. Mmea huu ukiachwa baada ya kuvuna huweza kuchipua tena na kuzaa msimu unaofuata, lakini machipukizi hayo ndiyo ng'ombe anayoyataka kwanza. Mkulima anayedhani ameuza masalia huenda ameuza mavuno ya mwakani bila kujua.

Kukata, kukausha na kuuza kwa mzigo kungewafaa wote wawili, lakini kuna gharama, na hapa mapendekezo mengi ya warsha huishia. Kunahitaji turubai, kivuli, mtu wa kugeuza majani bila kuyapukutisha, na mahali pa kuhifadhi pasipovuja. Kazi hiyo inaangukia wiki zile zile za kuvuna mbaazi na ufuta kumekwisha au kunakaribia kuisha na korosho kuanza kudai mikono. Mkulima wa kawaida hatazungusha majani juani kwa ajili ya ng'ombe wa mtu aliyemlishia shamba mwaka jana, labda bei imshawishi.

Na bei haipo. Mbaazi zina mnada, zina chama cha ushirika na zina stakabadhi ghalani, baada ya machungu ya mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa kuagiza na bei ikaporomoka. Majani yake hayana hata jina sokoni. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao na zinazosuluhisha ugomvi wa mifugo ni zile zile, na hakuna kinachozizuia kuanza na jambo dogo: kupima unyevu wa mzigo, kutenganisha mzigo wenye majani na ule wa fimbo tupu, kisha kubandika bei mbili ubaoni kabla ya Julai. Kipima unyevu kinachotumika ghalani kwa korosho na ufuta hakikutengenezwa kwa ajili ya hei, ila chumvi kavu katika chupa yenye mfuniko inatosha kwa kuanzia: weka vipande vya majani, tikisa dakika chache, na chumvi ikishika ukuta wa chupa, mzigo bado ni mbichi.

Wafugaji wengi wanaopita Kitomanga wanaujua mtihani wa zamani zaidi, wa kukunja shina mkononi na kusikiliza kama linakatika.